Umesahau neno la siri? Huenda kosa ni la fomu

Na MWANDISHI WETU

KUSAHAU ni maumbile ya binadamu. Mtu husahau alipoweka ufunguo, husahau siku ya arusi ya binamu yake, na wapo waliosahau sufuria mekoni wakaja kukumbushwa na harufu ya wali ulioungua. Lakini katika miaka hii ya kompyuta na simu za mkononi umezuka usahaulifu wa aina nyingine, unaowasumbua wazee kwa vijana, wasomi kwa wasiosoma. Huo ni kusahau neno la siri.

Ukipoteza ufunguo wa nyumba utamwita fundi. Ukisahau neno la siri, kompyuta itakuletea fomu, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Aghalabu fomu yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Inauliza mambo matatu manne ambayo hukuyatarajia, na ukikosea inakujibu kwa maandishi mekundu kana kwamba umetenda hatia.

Katika makala haya tunaziangalia fomu hizo, na hasa zile za tovuti za maktaba. Huenda msomaji akauliza, kwa nini maktaba? Jibu ni kwamba benki na kampuni za simu zina pesa, na zina watu waliokaa tayari kumpokea mteja aliyekwama. Maktaba haina uwezo huo. Isitoshe, mtu anayekwama kupata pesa zake hupiga kelele mpaka asikizwe, lakini anayekwama kupata kitabu hunyamaza na kwenda zake. Hakuna anayejua kwamba alikuja.

Mama wa Marikiti

Tuchukue mfano wa mama anayeuza bizari Marikiti, soko ambalo ramani hulitaja kwa jina la Mackinnon, pale Digo Road, nyuma yake ukiwa Mji wa Kale na vichochoro vyake. Hatumsemi mtu fulani. Lakini yeyote anayeijua Mombasa atamtambua mama huyu, maana wako wengi.

Mama ana binti anayesoma sekondari. Binti ni mwanachama wa maktaba, na kwa kuwa ni mtoto, aliandikishwa kwa dhamana ya mzazi. Anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwenye fomu ya uanachama ni ya mama. Sasa binti anataka kuongeza muda wa kitabu alichoazima kabla faini haijaanza kuhesabiwa. Tovuti inamtaka neno la siri. Halikumbuki. Anabonyeza pale palipoandikwa kwamba amelisahau, na tovuti inasema itatuma ujumbe kwenye barua pepe.

Barua pepe gani? Ile ya mama ilifunguliwa miaka kadhaa iliyopita na kijana wa saiba, siku mama alipohitaji anwani kwa ajili ya karatasi za serikali. Kijana ndiye aliyechagua neno la siri, akaliandika kwenye kipande cha karatasi, na karatasi ikapotelea katika pochi. Kwa hivyo ufunguo wa maktaba umetumwa kwenye sanduku ambalo nalo limefungwa.

Ili kulifungua sanduku hilo, mama anaambiwa kwamba tarakimu kadhaa zimetumwa kwenye simu yake. Kwa bahati mbaya namba iliyoandikwa ni ya laini ya zamani. Simu iliibwa, mama akanunua laini nyingine. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huweza kuifunga na kumpa mteja mwingine namba ile ile. Pengine wakati huu tarakimu za mama zinaingia katika simu ya mtu asiyemjua.

Milango mitatu, yote imefungwa. Kinachobaki ni kurudi saiba. Mama anamweleza kijana kila kitu: jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na neno jipya la siri, ambalo analitamka kwa sauti watu wakiwa nyuma yake kwenye foleni. Ikiwa neno hilo ndilo analotumia kwingine, basi kijana sasa amebeba mambo ya nyumba nzima.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kata imekuwa ni kijana wa saiba. Huenda ni kijana mwaminifu, na wengi wao ni waaminifu. Lakini siri ambayo usalama wake unategemea wema wa mtu usiyemjua haiwezi kuitwa siri.

Siri gani maktabani?

Wapo watakaosema, kitabu ni kitabu, kuna siri gani hapo? Hebu fikiria. Katika daftari la maktaba mna jina lako, namba yako ya simu, mahali unapoishi, na mara nyingine orodha ya vitabu ulivyoazima. Mwanamke anayesoma juu ya haki zake katika talaka huenda hataki mumewe ajue leo. Kijana anayesoma juu ya ugonjwa aliogunduliwa nao hataki mtaa mzima ujue. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda habari za watu binafsi mwaka 2019, na sheria hiyo haikusema kwamba maktaba si mojawapo ya wanaowajibika.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Mombasa ina historia ndefu ya kusoma. Maktaba ya Seif bin Salim, iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, hutajwa miongoni mwa maktaba za umma za mwanzo kabisa nchini. Sheria ya kuunda Huduma ya Maktaba ya Taifa ilipitishwa mwaka 1965, na tawi lake la Mombasa liko Msanifu Kombo, mahali unapoweza kufika kwa miguu ukitokea Marikiti. Katika siku za kadi za karatasi mkutubi alikujua kwa sura. Ukipoteza kadi alikukemea kidogo, kisha akakuandikia nyingine. Uso wako ndio uliokuwa neno lako la siri.

Kompyuta haijui uso wa mtu kama mkutubi alivyoujua, ndipo ikabidi iulize neno. Desturi hiyo ilianza Marekani mwaka 1961 katika chuo cha MIT, ambako watu wengi walikuwa wakitumia kompyuta moja. Fernando Corbató na wenzake wakampa kila mtu neno lake ili mafaili ya huyu yasichanganyike na ya yule. Haukupita hata muda mrefu. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, aliona saa alizopewa za kutumia mashine hazimtoshi. Akaiagiza kompyuta ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watu wote, na ikachapisha.

Bizari ikishasagwa

Swali ambalo wengi huuliza ni hili: mbona tovuti isiniambie tu neno langu la zamani nikumbuke? Kwa nini inisumbue nitunge jipya?

Jibu ni kwamba tovuti iliyotengenezwa vizuri hailijui neno lako. Hiyo si kasoro. Ndiyo salama yake, na inatokana na mafunzo kama yale ya Scherr. Fikiria bizari. Ukichukua bizari nzima, pilipili manga, iliki na mdalasini, ukavisaga pamoja, utapata unga. Hakuna fundi duniani awezaye kuugeuza unga ule urudi kuwa punje. Lakini ukileta tena viungo vile vile kwa kipimo kile kile na kuvisaga, utapata unga ule ule.

Ndivyo kompyuta inavyofanya. Siku unapochagua neno la siri inalisaga, inaweka unga na kuzitupa punje. Kila unaporudi na kuandika neno lako inalisaga upya na kulinganisha unga na unga. Zikilingana, unaingia. Kwa hivyo mwizi akiiba ghala anakuta unga tu. Na wewe ukisahau mchanganyiko wako, hakuna wa kukukumbusha. Lazima usage mpya.

Msomaji atumie jambo hili kama kipimo. Tovuti yoyote ikikutumia neno lako la zamani kama lilivyokuwa, jua kwamba inaweka punje wazi. Usilitumie neno hilo mahali pengine popote.

Hili ni jambo jepesi kueleza, lakini ni fomu chache mno zinazolieleza. Sentensi moja ingetosha: "Hatuwezi kukuonyesha neno lako la zamani kwa sababu hata sisi hatulijui." Mtu akisoma hivyo anaacha kudhani kwamba ananyimwa haki yake.

Maneno yanayotatiza

Tatizo kubwa la pili ni lugha. Chukua neno PIN. Mkenya wa leo ana PIN ya kodi na PIN ya M-Pesa. Ya kwanza ni namba ya mlipa kodi, ina herufi na tarakimu 11, na haifichwi. Wenye maduka huichapa kwenye risiti na kumpa kila mnunuzi. Ya pili, iliyoingia nchini M-Pesa ilipoanza Machi 2007, ina tarakimu nne na hupaswi kumwambia hata mkeo. Vitu viwili vilivyo mbali kama mashariki na magharibi vinaitwa kwa jina moja. Fomu ya maktaba ikisema tu "andika PIN", mama wa Marikiti aandike ipi? Akiandika ile ya M-Pesa, tumemwingiza hatarini sisi wenyewe.

Hata Kiswahili chetu hakijatulia katika jambo hili. Wengine husema nywila, wengine nenosiri, wengine neno la siri, na kwenye simu husomeka namba ya siri. Wataalamu wa lugha wana sababu zao, lakini fomu si mahali pa mashindano ya istilahi. Ichague neno moja na isibadilishe. Fomu ikisema nywila juu na nenosiri chini, msomaji atadhani ni vitu viwili.

Halafu kuna suala la majina. Fomu nyingi hutaka jina la kwanza, la kati na la ukoo. Hapa Pwani mtu hujitambulisha kwa jina lake, la babake na la babuye: Fatuma wa Ali wa Omari. La ukoo ni lipi hapo? Siku ya kujiandikisha aliandika Omari, leo anaandika Ali, na kompyuta inamwambia hakuna mtu kama huyo. Ingetosha kumwambia aandike jina kama lilivyo kwenye kadi yake ya maktaba.

Na saa je? Kiungo cha kubadilishia neno la siri hufa baada ya muda. Fomu itasema kinakwisha saa 10:00. Mtu anayehesabu saa za Kiswahili atangoja mpaka saa kumi jioni, kumbe kilikufa saa nne asubuhi. Kuandika "Jumanne, saa nne asubuhi" hakugharimu chochote.

Jina la mama kabla ya kuolewa

Zipo fomu ambazo, badala ya kutuma ujumbe, huuliza maswali ya siri. Lililo maarufu kuliko yote ni jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Swali hili liliundwa na watu ambao kwao mwanamke akiolewa huchukua jina la mumewe. Kwetu sisi Pwani, binti Ali hubaki binti Ali hata akiolewa mara tatu. Jibu analolihitaji mwizi liko katika kitambulisho cha mama mwenyewe, na mtaa mzima unalijua.

Maswali mengine si bora. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu nchini Marekani aliingia katika barua pepe ya Sarah Palin, ambaye wakati huo alikuwa mgombea wa kiti cha makamu wa rais. Hakuvunja mtambo wowote. Alisema tu kwamba amesahau neno la siri, kisha akajibu maswali ya tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta, na mahali Bi. Palin alipokutana na mumewe. Yote hayo yalikuwa yameandikwa wazi kwa kila mtu kusoma.

Mnamo 2015 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuchunguza maswali ya namna hiyo. Waligundua kwamba asilimia 40 ya watumiaji wa Kiingereza huko Marekani hawakuyakumbuka majibu yao walipoyahitaji. Na kwa swali la chakula unachokipenda, mgeni aliyekisia mara moja tu alikuwa na nafasi ya karibu asilimia 20 ya kupata. Jiulize wewe: ukiwauliza watu wa Mombasa chakula wanachokipenda, wangapi hawatasema biriani? Kwa ufupi, maswali haya humzuia mwenyewe na kumfungulia mwizi.

Masharti yasiyo na faida

Tuseme mama na binti wamefanikiwa kupata kiungo. Sasa wanaandika neno jipya. Wanaambiwa halifai, halina herufi kubwa. Wanaongeza. Halifai, halina tarakimu. Wanaongeza. Halifai, halina alama kama ya mshangao. Kufika hapo fomu imefuta kila kitu na wanaanza upya.

Masharti haya yana historia yake. Yalipata nguvu mwaka 2003, ofisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa mwongozo ulioandikwa na Bw. Bill Burr. Dunia nzima iliufuata. Mwaka 2017 Bw. Burr, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi ya aliyoyaandika. Watu walikuwa hawatungi maneno magumu. Waliongeza tu namba 1 na alama ya mshangao mwishoni, jambo ambalo wezi walilijua vyema.

Mwaka huo huo NIST ilibadilisha mwongozo wake, na msimamo huo ukaendelezwa katika toleo la 2025. Lililo muhimu sasa ni urefu. Mtu asilazimishwe kuchanganya alama, wala asilazimishwe kubadilisha neno kila baada ya miezi fulani bila sababu. Aruhusiwe kuona anachoandika. Maneno manne ya kawaida yasiyohusiana, kwa mfano embe, kikapu, mvua na feri, ni magumu kukisiwa na ni mepesi kukumbukwa kuliko neno moja lililojazwa alama. (Hayo manne sasa yamo gazetini, tafadhali tunga yako.)

Kuhusu kuona unachoandika, mtaalamu Jakob Nielsen alitoa hoja tangu 2009 kwamba vile vidoti vyeusi vinavyoficha herufi huwaletea watu makosa mengi kuliko salama. Anayeandika kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, huku jua la saa sita likimwaka, anajua maana yake. Kitufe cha kuonyesha herufi kinatosha. Mwenye watu karibu asikibonyeze.

Zawadi kutoka New Zealand

Habari njema ni kwamba maktaba haihitaji mamilioni ili kurekebisha mambo haya. Mojawapo ya programu za kuendeshea maktaba zinazotumika sana duniani inaitwa Koha. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za wilaya ya Horowhenua na ikaanza kazi Januari 2000. Koha ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, na kweli ni zawadi, kwa sababu hutolewa bure na yeyote anaruhusiwa kuibadilisha na kuitafsiri.

Katika Koha, maktaba yenyewe ndiyo inayoamua kama wanachama waruhusiwe kubadilisha neno la siri wakiwa nyumbani. Ikiruhusu, mwanachama huandika jina lake la kuingilia au anwani ya barua pepe, kisha hutumiwa kiungo kinachodumu siku mbili. Mkutubi naye, akiwa kwenye kompyuta yake, anaweza kumwekea mwanachama neno jipya, lakini hawezi kuliona lile la zamani. Ni unga tu.

Mtambo upo, basi, na unafanya kazi. Kinachobaki ni maneno yanayoandikwa juu yake, na maneno ni kazi ya wakutubi wenyewe, watu ambao maisha yao yote ni vitabu. Fomu njema ingeweza kusomeka hivi:

"Umesahau neno la siri? Usiwe na wasiwasi. Kuna hatua tatu.

"Hatua ya 1. Andika namba ya kadi yako ya maktaba. Iko chini ya mistari myeusi nyuma ya kadi.

"Hatua ya 2. Tutatuma ujumbe kwenye barua pepe uliyotupa. Ufungue, ubonyeze kiungo kilichomo. Kitafanya kazi kwa siku mbili.

"Hatua ya 3. Chagua neno jipya la siri. Liwe na herufi 15 au zaidi. Unaweza kutumia maneno kadhaa na kuacha nafasi kati yake. Usitumie namba yako ya siri ya M-Pesa.

"Huna barua pepe, au huwezi kuifungua? Njoo maktaba na kitambulisho. Tutakusaidia hapo hapo. Maktaba haitakupigia simu kamwe kukuuliza neno lako la siri."

Angalia mambo yaliyomo. Mtu anajua tangu mwanzo ni hatua ngapi. Anaulizwa kitu kimoja, na anaonyeshwa kilipo. Masharti ya neno jipya anayajua kabla hajaandika. Na yule ambaye njia ya kompyuta imemfungia ameachiwa mlango wa kawaida, ule wa kuingilia kwa miguu.

Jibu linalotolewa baadaye nalo lataka uangalifu. Wengi huudhika wanapoambiwa "ikiwa anwani hii imo katika orodha yetu, tumetuma ujumbe". Wanaona ni jibu la kukwepa. Lakini lina sababu: tovuti ikimwambia kila aulizaye kwamba fulani ni mwanachama au si mwanachama, mtu mbaya ataweza kumchunguza yeyote amtakaye. Kosa ni kuishia hapo. Fomu iendelee kusema: "Ukikaa dakika 15 bila kuuona, tazama kwenye sehemu ya barua taka. Usipoukuta huko, huenda tuna anwani yako ya zamani. Njoo tuibadilishe." Bila sentensi hizo, mama atakaa kungoja ujumbe ambao haukutumwa.

Na wakutubi watajuaje kama fomu yao inaeleweka? Bw. Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba kuwajaribu watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro. Kwa hivyo fomu iandikwe kwenye karatasi, kabla fundi hajaigusa kompyuta, kisha mtu atoke nayo hadi Marikiti. Amwonyeshe muuza bizari, mchukuzi, mwanafunzi, mzee wa kahawa na mshonaji wa Biashara Street. Asiwaeleze chochote. Awaulize tu: hapa utafanya nini? Pale watakaposita watano hao, ndipo penye kazi.

Na sisi nyumbani

Huku tukingoja fomu zirekebishwe, yapo ambayo kila familia inaweza kuyafanya wiki hii.

Kwanza, hakikisha barua pepe ya nyumba ni yenu kweli. Kama ilifunguliwa na mtu wa saiba, badilisheni neno la siri leo, mkae wenyewe mbele ya kompyuta, na mkiondoka mtoke kabisa katika akaunti. Barua pepe ndiyo mama wa funguo zote. Serikali ilitangaza Juni 2023 kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa katika eCitizen. Nako pia, ukisahau, utakutana na fomu.

Pili, ukibadilisha laini ya simu, kapashe habari kote ulikoandika namba ya zamani: shule, maktaba, benki. Usingoje siku ya haja.

Tatu, kama huwezi kukumbuka, andika. Wataalamu hawaogopi daftari lililofichwa kabatini nyumbani kama wanavyoogopa neno moja linalotumika kila mahali. Mwizi wa Ulaya hawezi kufungua kabati lako la Majengo. Namba ya M-Pesa tu ndiyo ibaki kichwani.

Nne, ukipata ujumbe wa kubadilisha neno la siri nawe hukuuomba, usibonyeze kitu. Na mtu akikupigia akitaka umsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, hata akijitambulisha kwa heshima na kujua jina lako lote, kata simu. Tarakimu hizo ndizo ufunguo, na anayezitaka yuko mlangoni.

Mwisho, usione haya kumwambia mkutubi kwamba fomu yake hukuielewa. Watu wengi wakikwama mbele ya kompyuta husema "mimi sikusoma", wakajilaumu bure. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, kwa hivyo ni zetu, na zinaendeshwa kwa kodi ambayo hata mama wa bizari hulipa kila asubuhi anapofungua meza yake. Anayo haki ya kuulizwa swali kwa lugha anayoielewa, na bintiye anayo haki ya kuongeza muda wa kitabu bila mambo ya nyumbani kwao kusikika kwenye foleni ya saiba.